Upinde wa kuwinda, Kona Baridi: mshale utalala juu ya nini?

Swali la wiki hii limetoka bara, lakini mwulizaji ni wetu. Mpwa wangu, kijana wa Mombasa anayeshona nguo katika kiwanda kimoja cha EPZ kule Athi River na kuishi Kitengela, ametumiwa upinde na binamu yangu aliyeko Marekani. Ni upinde wa kuwinda wa kisasa, wenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini. Umefika mtupu: hauna mishale, hauna kifaa cha kulengea, wala hauna kile kidude kidogo ambacho mshale hulala juu yake. Rafiki yake wa kazini ana shamba la familia Kona Baridi, kule juu ukishapita Kiserian kwenye barabara ya Magadi, na huko ndiko wanakotaka kufanya mazoezi. Akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Ninunue kiegemeo gani? Kuna cha shilingi elfu mbili na kuna cha elfu thelathini."

Mchezo huu nimeujua tangu nilipokuwa Nairobi nikisomea diploma, na upinde wangu ninao hadi leo. Namjibu hapa hadharani kwa sababu jibu lenyewe si la bei tu. Ndani yake mna sheria, mna usalama wa mkono wake, na huo mkono ndio riziki yake.

Kwanza, si wa kuwinda

Jina la upinde lisimdanganye mtu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba. Kona Baridi ni nchi ya Wamaasai inayoteremka kwenda Olorgesailie na Magadi, na wanyama wapo: pundamilia, swara, na ndege wa kila aina. Haijalishi ni paa mdogo au kanga. Ukimfuma umevunja sheria, na kusema ulikuwa ukijaribu upinde si utetezi.

Sisi Waislamu tuna la ziada. Kutupa mshale ni jambo lililosifiwa katika dini yetu, na wengi twapenda kulitaja hilo. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Basi shabaha ni gunia lililoshindiliwa matambara au ubao wa sponji, basi. Zile chembe pana zenye makali ya wembe, zilizotengenezwa kwa ajili ya nyama, asinunue kabisa. Anunue chembe butu za mazoezi.

Jengine ni kwamba upinde kama huu, ukielekezwa juu, hurusha mshale zaidi ya mita 200. Kona Baridi kuna watoto wa malishoni na mbuzi wao. Asitupe mshale mpaka mwenye shamba ameridhia, majirani wamejua, na nyuma ya shabaha kuna kilima au ukingo wa udongo.

Kiegemeo chafanya kazi gani?

Wazee wetu wa nyika hawakuwa na kitu hiki. Wawata, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, waliwinda ndovu katika nchi ya Tsavo kwa pinde za mti ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, na mishale yenye sumu. Kampeni ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1956 na 1957 ndiyo iliyovunja uwindaji wao. Upinde wa namna hiyo ni fimbo ya duara tu. Mshale hupita juu ya ngumi ya mkono ulioshika upinde, na ngumi ndiyo kiegemeo. Wapiga upinde wa Kiislamu wa zamani waliovuta ugwe kwa kidole gumba waliweka mshale upande wa kulia wa upinde, ukalala juu ya gumba la mkono wa kushoto. Anayevuta kwa vidole vitatu huuweka upande wa kushoto.

Ngumi yatosha ikiwa mpigaji amekulia humo. Ila ngumi haikai mahali pamoja kila siku. Leo iko juu kidogo, kesho chini, na mshale nao hufuata. Kiegemeo kazi yake ni mbili tu: kuuweka mshale mahali pale pale kila mara, kisha kutouzuia unapoondoka. Vyote vinavyouzwa madukani, vya bei nafuu na vya bei ghali, ni njia tofauti za kufanya kazi hizo mbili. Hakuna kinachofanya zote mbili kwa ukamilifu, na ndiyo maana kuna kuchagua.

Vidole au kifyatulio?

Kabla ya kutazama bei, mpwa wangu ajiulize atauachiaje ugwe. Mshale hauondoki ukiwa umenyooka kama tunavyodhani. Ukisukumwa na ugwe, wano lake hupinda na kujinyoosha mara kadhaa hewani. Ukiachia kwa vidole, ugwe huteleza pembeni mwa ncha za vidole, na mshale hupinda kushoto na kulia. Ukiachia kwa kifyatulio, kile kifaa cha chuma kinachofungwa mkononi na kuwa na kitufe, ugwe hutoka moja kwa moja, na mshale hupinda zaidi juu na chini.

Kwa hiyo mtu wa vidole ataka kiegemeo chenye kitu laini cha kuuegemeza mshale ubavuni. Mtu wa kifyatulio ataka kiegemeo kinachoubeba kutoka chini. Upinde wa magurudumu, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen aliuombea hataza mwaka 1966, leo wengi huutumia na kifyatulio. Nami namshauri mpwa wangu afanye hivyo.

Aina nne atakazokutana nazo

Ya kwanza ni kijiti cha plastiki au waya mwembamba kinachobandikwa kwa gundi ubavuni mwa mpini. Ndicho cha bei ya chini kabisa. Usikidharau. Viegemeo vya namna hii hutumika hata kwenye pinde za Olimpiki, mfano wa ule aliotumia Mkenya mwenzetu Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa michezo ya Rio mwaka 2016. Lakini pinde hizo hazina magurudumu, huachiwa kwa vidole, na kiegemeo husaidiwa na kichuma chenye springi kinachosukuma mshale kutoka ubavuni. Kwa kifyatulio hakifai.

Ya pili ni ulimi mwembamba wa chuma cha springi, wenye pengo nchani ambamo mshale hulala. Washindani wengi wa upinde wa magurudumu huupenda, kwa sababu haugusi mshale ila padogo sana. Ubaya wake ni kwamba mshale hauna kinachoushika. Ukiinamisha upinde kidogo, au upepo ukivuma, umeanguka.

Ya tatu ni duara la burashi. Fikiria mswaki uliokunjwa ukawa pete, nywele zake zikatazama ndani, katikati pakabaki tundu la mshale. Maarufu zaidi ni ile iitwayo Whisker Biscuit. Mshale ukishaingia, hautoki hata ukipindua upinde juu chini. Haina kitu kinachotembea, kwa hiyo haina cha kukwama. Hasara zake: manyoya ya mshale hupita ndani ya nywele zile, hivyo mwendo hupungua kidogo na manyoya huchakaa. Itumiwe na mishale yenye manyoya mafupi ya plastiki ngumu, si manyoya ya ndege. Na nywele zikilegea, tundu likapanuka, ibadilishwe.

Ya nne ni mkono unaoanguka. Unapovuta upinde, mkono mdogo hubeba mshale. Unapoachia, huanguka chini mara moja na manyoya yakapita bila kugusa kitu. Kwa mpigaji aliyekomaa ndio bora, na ndio wa elfu thelathini. Lakini mkono huo huvutwa na kamba nyembamba iliyofungwa kwenye nyaya za upinde au kwenye bawa lake. Kamba ikiwa fupi mno au ndefu mno, mkono huanguka mapema au huchelewa, na mshale waenda upande. Kamba ikikatika, umebaki na upinde usiotupa mshale. Huo wataka fundi wa kuupima, na Kitengela fundi wa upinde si kama fundi wa pikipiki, humpati kila kona.

Mahali penyewe pasema

Jina la Kona Baridi halikutolewa bure. Pale ukingoni, Bonde la Ufa linapoanza kuteremka, upepo huvuma, na kule kwenye vilima vya Ngong mitambo ya umeme wa upepo yazunguka. Panapovuna umeme wa upepo, mshale uliolazwa juu ya kijiti au ulimi hautulii. Kijana asiyezoea atauvuta upinde, mshale utateleza, naye atajaribu kuurudisha kwa kidole huku ugwe umejaa.

Hapo ndipo kwenye hatari, na hapo ndipo nataka anisikilize. Mshale ulioanguka kutoka kwenye kiegemeo ukaachiwa hivyo hivyo, waweza kupita kwenye mkono ulioshika mpini. Ukiwa umechomoka kwenye ugwe, upinde hupiga mtupu, na nguvu iliyopaswa kubebwa na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe, ukapasuka usoni pako. Mshale mfupi mno ni hatari vile vile: ukivuta hadi mwisho, chembe yake huteleza nyuma ya kiegemeo na kuelekea mkononi. Mshale uwe mrefu kiasi kwamba, upinde ukijaa, bado umepita mbele ya kiegemeo kwa inchi 1 au 2. Na mishale ya kaboni, kabla ya kila mtupo, ainamishe kidogo kwa mikono miwili na kusikiliza. Ukilia "krak", auvunje na kuutupa. Kaboni iliyopasuka hutawanyika kama vigae vya glasi.

Jibu langu

Anunue duara la burashi. Si kwa sababu ya bei yake ya kati, bali kwa sababu ya upepo wa pale, kwa sababu hana fundi karibu, na kwa sababu yeye ni mwanafunzi. Kupungua kidogo kwa mwendo hakutamdhuru mtu anayetupa mshale umbali wa mita 20. Mshale kumwangukia mkononi kutamdhuru.

Kabla ya kulipa, atazame mambo matatu. Kiegemeo ni cha mkono wa kulia au wa kushoto? Vinauzwa mbalimbali. Je, upinde una tundu lenye nati juu ya mpini, upande wa pili wa dirisha la mshale? Viegemeo vingi hufungwa hapo, ingawa pinde mpya nyengine zina namna yake ya kufungia. Na tundu la burashi lalingana na unene wa mishale yake? Burashi huuzwa kwa vipimo.

Akishakifunga, mshale ukae pembe mraba na ugwe, na ukitazamwa kutoka nyuma ulingane na ugwe bila kwenda pembeni. Kisha atandaze karatasi kwenye fremu, asimame umbali wa mita 2 hivi, atupe mshale upite katikati, na shabaha iwe nyuma yake. Karatasi itamwambia. Tundu la duara lenye mipasuko mitatu midogo ya manyoya ni dalili njema. Mpasuko mrefu uliokwenda juu wasema mkia wa mshale ulipita juu, basi ainue kiegemeo kidogo na kujaribu tena. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na aandike alichobadilisha.

Zile pesa zitakazobaki kwenye elfu thelathini anunulie mishale sita inayolingana kwa urefu, uzito na ugumu, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Kiegemeo kizuri hakiwezi kurekebisha mshale usioufaa upinde.

Baada ya mwaka, mkono ukishatulia, atafute mkono unaoanguka, na atafute pia wenzake wa mchezo Nairobi wa kushindana nao. Upinde wa magurudumu utaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, katika shindano la timu ya mume na mke mchanganyiko. Sisemi atakwenda yeye. Nasema upinde huu una kazi ya halali ya kufanya Kenya, na haina haja ya swara wa Kona Baridi kumwaga damu ndipo mtu ajue umenyooka.