Je, Wajua? Mtaa Ambamo Gari ni Mgeni

Je, wajua kwamba bodaboda ilianza na baiskeli? Miaka ya 1960, huko Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, vijana walivusha abiria kwenye karia wakinadi “boda, boda!”, yaani mpaka hadi mpaka.

Leo simama Busiu, nchini Uganda, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale. Mkungu wa matoke umefungwa kwenye karia kwa kamba ya mpira. Lori likipiga honi nyuma, mwenye baiskeli anashukia kwenye changarawe. Sheria ni ya aliye mkubwa, basi.

Ubelgiji wameigeuza sheria hiyo. Tangu 2012 sheria yao inatambua mitaa ya baiskeli, yenye kibao chake cha buluu. Gari hupita, ila kwa adabu za mgeni: mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na kumpita mwendesha baiskeli ni marufuku, hata akijikokota. Ujerumani, kwenye mitaa ya aina hiyo, waendesha baiskeli wawili wanaruhusiwa kwenda sambamba wakipiga soga, na gari haliingii kabisa isipokuwa kibao cha ziada kikiruhusu.