Safari ya Uarabuni isiwe ya siri

Ngamiani, Makorora, Duga, Mikanjuni. Pangani mjini, Muheza, vijiji vya Mkinga. Katika maeneo haya ya Tanga si jambo geni kuambiwa kwamba binti wa jirani yuko Maskati, na kuambiwa hivyo wiki kadhaa baada ya yeye kuondoka. Mama yake alikuwa akisema binti kaenda Dar es Salaam kwa shangazi. Dua ya kumwombea ilisomwa, ubani ukachomwa, kahawa ikanyweka, lakini walioalikwa walikuwa wachache, na baadhi yao waliamini wanamrehemu babu.

Watu wa pwani tuna sababu zetu. Safari haitangazwi mpaka mtu afike. Kijicho kipo, fitina ipo, na viza ikikwama aliyetangaza huchekwa mtaa mzima. Ipo na aibu nyingine isiyosemwa sana: kazi yenyewe ni kazi za ndani, na mama aliyehangaika kumsomesha bintiye hadi kidato cha nne huona uzito kutamka kwamba mtoto wake anakwenda kufua na kupika katika nyumba ya watu. Naielewa hofu hiyo, na siidharau. Ninachosema ni kwamba siri hii inamfaa dalali anayemtafutia kazi kuliko inavyomfaa binti.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowaondoa mabinti. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mtumishi wa ndani wa kawaida, anayelala kwa mwajiri wake, kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mikataba ya Watanzania wanaokwenda Oman hutaja mara nyingi rial 80. Rial moja ni dola 2.6 za Marekani, hivyo rial 80 ni dola 208, zaidi ya shilingi laki tano. Kwa kima hicho, mshahara wa mwezi mmoja kule ulishinda miezi minane ya hapa. Anayetaka kuwaambia mabinti wa Tanga wabaki nyumbani aanze kwa kuijibu hesabu hiyo, ndipo aendelee na mawaidha.

Tena Oman si ugenini kama Ulaya. Majahazi ya Sur na Maskati yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi, na Pangani ilikuwa mojawapo ya bandari zake. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 familia nyingi zilihama, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 aliwafungulia mlango wale wenye asili ya Oman waliokuwa wametawanyika Afrika Mashariki na kwingineko. Ndiyo maana leo ziko nyumba Maskati ambamo Kiswahili kinazungumzwa sebuleni na wali wa nazi unapikwa jikoni. Dalali anaijua habari hiyo vizuri sana. Ataiambia familia: bosi wake anaongea Kiswahili, Mwislamu mwenzetu, atakaa kama mtoto wa nyumbani. Familia hupumua. Mkataba hauulizwi tena.

Wako waliopata nyumba njema. Wamejenga Tanga, wamesomesha wadogo zao, wamefungua duka la madera na mitandio. Wengine hawakupata. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliopitia kazi hizo. Karibu wote walieleza kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na mwajiri au wakala. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku bila siku ya kupumzika. Wapo waliolipwa pungufu ya walichoahidiwa, waliopigwa, walioingiliwa vyumbani na wanaume wa nyumba. Waliotaka kuondoka walidaiwa kwanza gharama za kuletwa.

Mzizi wa mambo hayo ni utaratibu wa kafala. Viza ya mfanyakazi imefungwa kwa mwajiri mmoja, yaani kafili. Akitoka katika nyumba hiyo bila ruhusa anahesabiwa ametoroka, na anaweza kukamatwa hata kama alikimbia kipigo. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Waliwekewa amri ya wizara ya mwaka 2004, dhaifu kuliko sheria yenyewe. Falme za Kiarabu zilipitisha sheria ya wafanyakazi wa ndani mwaka 2017, iliyotoa siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa 12 za kupumzika kwa siku. Kuwait ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 2015. Kwa hiyo anayesema anakwenda Uarabuni hajasema kitu bado. Nchi gani? Haki za Dubai si haki za Maskati, na binti anapaswa kuzijua angali kwao, maana akishafika hana mtu wa kumfundisha.

Jambo la pili la kuuliza ni muda. Nyumbani huambiwa anakwenda mwaka mmoja, na mama huhesabu: Ramadhani moja, Idi mbili, kisha arudi. Mikataba mingi ya kazi za ndani katika nchi za Ghuba ni ya miaka miwili. Aliyeandikiwa miaka miwili akitaka kurudi baada ya mwaka anaweza kuambiwa ajilipie tiketi na arudishe gharama za kuajiriwa. Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza tu, ukatiwa saini haraka mkesha wa safari, hauonyeshi tofauti hiyo mpaka siku ya kilio. Kila familia ya Tanga inaye mtu anayesoma Kiingereza, na madrasa zetu zimejaa watu wanaosoma Kiarabu. Ni ajabu kuacha karatasi yenye miaka miwili ya maisha ya mtoto ipite bila hata mmoja wao kuitazama.

Nasema ni ajabu kwa sababu Tanga, kuliko mikoa mingi, ina kumbukumbu ya mikataba ya kazi. Mkonge ulipandwa kwanza hapa mwaka 1893, na mashamba yalipopanuka Muheza na Korogwe hayakupata vibarua wa kutosha kutoka kwa Wabondei, Wadigo na Wazigua wenyewe. Wakaletwa watu wa Kigoma, wa Songea, wa Rwanda na Burundi. Wakapewa namba, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwatafuta, SILABU, iliyotuma wakusanyaji hadi vijiji vya mbali. Mkusanyaji hakwenda kueleza shida za shambani. Alikwenda kujaza lori. Malipo yalifuata kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku: mtu alihesabiwa amemaliza mwezi akishafanya siku 30 za kazi, na alipewa siku 42 kuzitimiza. Siku ambayo kazi aliyopangiwa haikukamilika haikuwekwa alama. Wajukuu wa manamba wako nasi hadi leo, Maramba, Kwamndolwa, Ngombezi, na wengi wa mababu zao hawakurudi makwao, baadhi kwa kukosa nauli ya kurudi. Wapo wazee wanaoweza kusimulia habari hiyo barazani. Binti anayekwenda Maskati akaisikilize, kwa sababu maswali ni yale yale: nani anahesabu siku zangu, nani ameshika karatasi yangu, na nani analipa nauli yangu ya kurudi.

Njia halali ipo, na haina siri. Pasipoti huombwa Uhamiaji kwa cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Tangu Januari 2018 ni pasipoti ya kielektroniki, na ada yake ni shilingi 150,000. Wakala wa ajira lazima awe amesajiliwa. Mkataba unatakiwa uhakikiwe na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na ubalozi wetu katika nchi anayokwenda. Vipimo vya afya vinavyotakiwa na nchi za Ghuba hufanywa kabla: kifua kikuu, homa ya ini, VVU, ujauzito. Dalali akisema hayo yote hayana haja, au akimtaka binti avuke Horohoro aingie Kenya ili apande ndege huko, hapo pana hatari. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Na akidai binti alipe ada ya kutafutiwa kazi, ijulikane kwamba Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, liliweka kanuni kuwa wakala binafsi hamtozi mfanyakazi. Gharama hiyo ni ya mwajiri.

Sanduku nalo lina habari yake. Mama hufunga dagaa, achari ya embe, kanga doti mbili, dera la kulalia, dawa za tumbo. Vyote vina faida. Lakini chenye faida kubwa zaidi hakina uzito: nakala. Nakala ya pasipoti, ya viza, ya mkataba, ya jina kamili na anwani ya mwajiri na namba yake ya simu, na ya jina na namba ya wakala wa hapa na wa kule. Seti moja aende nayo binti, mbali na pasipoti yenyewe. Seti nyingine ibaki kwa mama. Ya tatu kwa mtu asiye wa nyumba hiyo: mjomba, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa. Oman ilipiga marufuku tangu 2006 mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, lakini ripoti niliyoitaja inaonyesha marufuku hayo yalivyopuuzwa. Pasipoti ikiondoka mkononi, nakala ndiyo itakayouwezesha ubalozi kumtambua. Mama anayepiga simu ubalozini na kusema binti yake yuko Maskati kwa Mwarabu mmoja, hajui jina, hajui mtaa, hana karatasi, atasaidiwaje? Kilio chake ni cha kweli, ila hakuna pa kuanzia.

Namba za simu zikaririwe kichwani. Simu hunyang'anywa. Mbili tu zinatosha, na moja iwe ya ubalozi. Laini ya Tanzania aiache kwa mtu atakayeitumia mara kwa mara, kwa maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa, na imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Kuirudisha akiwa nje ni taabu.

Halafu pesa. Hapa ndipo undugu huvunjika, na nimeona mara nyingi mno. Binti anatuma, kaka anapokea, kiwanja kinanunuliwa kwa jina la kaka. Binti akirudi anakuta msingi umeota majani na duka la kaka limejaa bidhaa. Hakuna ubaya kumwamini ndugu. Ubaya ni kumwachia bila maandishi. Afungue akaunti kwa jina lake kabla ya kuondoka. Waketi wote, mama, kaka, mama mdogo anayebaki na mtoto, waandike: kiasi gani cha matumizi ya nyumbani, kiasi gani cha mtoto, kiasi gani hakiguswi hadi mwenyewe arudi. Kama kuna kiwanja, hati iandikwe jina lake na mashahidi wawepo. Anayekataa kikao hicho amejieleza.

Wengi wa mabinti hawa wenyewe ni mama. Mtoto wa miaka minne au mitano anaachwa kwa bibi, na mara nyingi anadanganywa: mama kaenda sokoni. Namwomba kila mama asiage kwa uongo. Mtoto wa umri huo hawezi kuelewa miaka miwili, lakini anaweza kuelewa kwamba mama yuko kazini mbali na atapiga simu Ijumaa. Shuleni nako mwalimu ajulishwe mlezi ni nani, na kadi ya kliniki ibaki mahali inapojulikana.

Pwani yetu ina somo. Binti hakabidhiwi ndoa kabla hajakaa na mwanamke mzima, aliyepita njia hiyo, akamwambia mambo ambayo mama yake mzazi anaona haya kuyasema. Safari ya Uarabuni inahitaji somo wake, naye yupo: ni yule aliyerudi. Yupo Msambweni, yupo Chumbageni, yupo Pangani. Anajua la kufanya mlango wa chumba ukigongwa usiku. Anajua maneno ya Kiarabu yanayohitajika jikoni na yale yanayohitajika kituo cha polisi. Lakini naye aliondoka kwa siri, akarudi kwa siri, na aliyoyaona ameyafungia kifuani kwa kuogopa kuambiwa ameshindwa. Hajashindwa. Ni yeye tu mwenye elimu ambayo hakuna ofisi inayoweza kuitoa, na misikiti, makanisa, vikundi vya VICOBA na serikali za mitaa zingempa kiti na masikio, angesema.

Basi la alfajiri litatoka stendi ya Kange kesho kama kawaida, lipite Muheza na Segera kuelekea Dar es Salaam, na pengine litakuwa na binti anayekwenda kupanda ndege. Kama ni wako, au wa ndugu yako, au wa jirani anayekuamini, mwombe mkataba wake usiku huu. Usome wote, neno kwa neno, naye akiwa amekaa hapo. Usipouona mkataba, tiketi ya basi isikatwe.