Kadi mpya, diski 'imepotea'? Usikubali kufomati!

Wiki hii tuache kidogo mapenzi na mitindo ya nywele, tuingie kwenye kompyuta ya nyumbani. Nasema ile ambayo badala ya Windows umeiwekea Linux, kitu alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Ni ya bure na ni imara, lakini chomeka kadi mpya ya diski uone inavyoweza kukununia!

Mimi napiga video za harusi. Kwenye mazabodi yangu lilibaki tundu moja zima la diski, nalo lina diski ya Debian yenyewe. Nikanunua kadi ya PCI Express yenye matundu mawili. La kwanza nikachomeka diski mpya, tupu, ya kuwekea nakala. La pili, diski ya harusi. Humo kuna harusi moja ambayo baba wa bibi harusi alifariki miezi miwili baadaye. Sauti yake akimuusia binti iko humo tu, kwingine hakuna.

Nikawasha. Mashine ikakaa sekunde 90 ikisubiri "/dev/sdb1", kisha ikanitupa kwenye hali ya dharura: skrini nyeusi, inadai nywila. Mshikaji wangu mmoja fundi, jina namhifadhia, akatoa hukumu palepale.

"Kaka, kadi kimeo hii. Halafu diski mpya si umeiongeza ya mwisho? Basi ni sdc. Tuifomati tuanze upya."

"Subiri kwanza, usiguse kitu."

Hapo ndipo watu wanapolizwa, msomaji wangu. Andika kwanza "lspci -k". Kadi ikitajwa, na chini yake ukaona "Kernel driver in use: ahci", ujue imetambuliwa na draiva yuko kazini (sisemi wa daladala). Isipotajwa kabisa, zima umeme, ichomoe, irudishe kwa kuikandamiza, au ihamishie tundu jingine.

Yangu ilitajwa. Nikaandika "dmesg". Kila tundu lina mstari wake: "SATA link up" au "down". Ukiona "down" kwenye tundu lenye diski, mara nyingi ni waya umelegea au diski haipati umeme, hivyo badili waya kabla hujaitukana kadi. Kwangu zote zilikuwa "up". Sasa mchawi nani?

Majina, bwana! Linux hugawa sda, sdb, sdc kadiri inavyozikuta diski wakati wa kuwaka. Herufi hizo hazijagandishwa kwenye diski. Nikaandika "lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL", nikalinganisha na namba za kwenye stika. Ile tupu, kwa kuwa iko tundu la kwanza la kadi, imejitwalia sdb. Ya harusi imesukumwa ikawa sdc. Ndiyo ileile jamaa aliyotaka kuifomati! Nikamwonyesha kwa kidole. Akakaa kimya, halafu akaomba maji ya kunywa.

Kumbe aliyeniwekea Linux mwaka 2021 aliandika "/dev/sdb1" kwenye faili la "/etc/fstab". Dawa yake ni "blkid", inayokupa UUID, namba ndefu ambayo haibadiliki hata diski ikihamishwa tundu. Nikatoa nakala ya lile faili, nikafuta "/dev/sdb1", nikaandika "UUID=" na namba yenyewe, nikaongeza "nofail" ili siku diski isipoonekana mashine iendelee kuwaka. Kisha "systemctl daemon-reload", halafu "mount -a". Kimya. Kwenye Linux kimya ni habari njema.

Nikafungua ile harusi. Mzee anaongea, anakohoa kidogo, wageni wanacheka. Usiku uleule nakala ikaenda kwenye sdb, na stika nilikuwa nimeisoma mara mbili.