Manesi wa Gen Z Si Wajeuri, Hivi Ndivyo Inchaji Anafaa Kuwaongoza

Ingia wodi yoyote ya hosi ya kaunti siku hizi utapata wasee wa miaka 23, 24, juzi tu wametoka KMTC. Na hutakosa kuskia inchaji akilalamika: "Hawa watoto wana maswali mingi sana."

Manze, hiyo maswali ndiyo inafaa imfurahishe.

Cheki hii. Potasiamu kloraidi ni dawa ya kawaida wodini. Ikichanganywa kwa dripu iende pole pole, inasaidia mgonjwa. Ikidungwa moja kwa moja kwa mshipa, moyo unaweza kusimama. Sasa chukua nesi mpya, saa nane usiku, hana uhakika. Kama jana alifokewa mbele ya wagonjwa juu aliuliza kitu "rahisi", leo atauliza kweli? Atanyamaza abahatishe. Na wa kulipia hiyo kimya ni mgonjwa.

So kama umepewa wodi uongoze, ama uko njiani kupewa, shika hizi nne.

Kwanza, peana sababu. Usiseme tu "pindua mgonjwa kila masaa mawili." Mwambie ngozi ikifinywa na kitanda muda mrefu inakosa damu, ndio vidonda vinaanza. Mtu akijua hivyo, hatajaza chati tu bila kumgusa mgonjwa.

Pili, kosoa kando. Mkiwa wawili, sauti chini. Lakini kama kuna hatari hapo hapo, sema "simama kwanza", masomo yafuate baadaye.

Tatu, toa ratiba ya shifti mapema na ugawe usiku kwa haki. Usirundikie wageni naiti zote, na usiwahi kuacha wageni wawili peke yao. Changanya mgeni na mzoefu.

Nne, makosa ikitokea, anza na "nini ilifanyika?" kabla ya "ni nani?" Ukianza na kutafuta wa kulaumu, kesho watu wataficha.

Na wewe nesi mdogo, usijione umemaliza. Huyo mathee wa miaka 50 anaweza kuangalia mgonjwa usoni akajua anazidiwa kabla mashine ilie. Hiyo haipatikani TikTok. Wakati wa kupokezana wodi, weka simu mfukoni, uliza, andika.

Ukweli ni kwamba si kila kitu iko kwa mkono wa inchaji. Mgomo wa manesi wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba, na ishu zake zilikuwa za mezani kwa wakubwa. Inchaji hawezi ongeza mtu mshahara, wala hawezi geuza kandarasi ikuwe kazi ya kudumu. Na mlango wa kutoka uko wazi: tangu Julai 2021 Kenya na Uingereza zina mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya huko.

Lakini kuongea na mtu kama mtu haihitaji bajeti ya kaunti. Mshahara inaweza fanya nesi atafute visa. Matusi ya kila asubuhi inamfanya aache kusema akiona dozi haiko sawa, na huyo bado yuko wodini, anashika mgonjwa wako.