Reli ya Kibera, Matatu za Kawangware

Mkazi wa Kawangware hana reli ya kugombania. Hupanda matatu namba 46, na mvua ikinyesha saa ya watu kutoka kazini, makanga humtajia nauli mpya. Usafiri wa watu binafsi ndivyo ulivyo: gari halikosekani, bei ndiyo haina breki.

Kibera ina reli tangu enzi za Mwingereza, nayo imepita mikono yote miwili, ya serikali na ya watu binafsi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya iliunda Shirika lake la Reli. Serikali ikaliendesha hadi likachoka, mizigo ikahamia kwenye malori. Novemba 2006 reli ikakodishwa kwa Rift Valley Railways kwa miaka 25, ya Kenya na ya Uganda pamoja. Wenye hisa wakuu walikuwa Waafrika Kusini, kisha Wamisri. Hata nusu ya mkataba haikufika: 2017 Kenya ikaichukua tena reli yake.

Tuwatendee haki waliokodi. Ghasia za uchaguzi wa 2007 ziliwakuta wangali wageni, na vijana wa Kibera waling'oa mataruma na vyuma, mizigo ya Uganda ikakwama. Lakini balaa hilo halielezi yote. Aliyekodi reli hulitazama kontena la Kampala, maana ndilo lenye faida; abiria wa shilingi chache humwona kama hasara inayotembea. Tanzania nayo ilionja: RITES ya India ilikabidhiwa reli ya kati 2007, na miaka michache baadaye serikali ikairudisha. Uingereza iliyouza uendeshaji wa treni zake miaka ya 1990, sasa inazirejesha kwa umma.

Basi serikali ndiyo dawa? Polepole. Shirika hilohilo la umma ndilo lililowapa wakazi wa kando ya reli Kibera notisi ya kuhama mwaka 2004. Nyumba mbadala, kwa fedha za Benki ya Dunia, zilikuja baadaye sana. Pesa kubwa zilienda kwa reli mpya ya SGR, iliyojengwa kwa mkopo wa China, ambayo haimfikishi fundi wa Laini Saba, Kibera, kazini. Treni ya abiria ya Kikuyu, inayopita Kibera, nayo ni ya asubuhi na jioni.

Hata hivyo nauli yake haipandi na mawingu. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua reli ya umma, kwa sababu ya kawaida kabisa: waziri ataulizwa Bungeni na mbunge wangu, mwenye hisa wa Cairo sina hata namba yake ya simu. Na swali la kwanza liwe treni ya saa sita mchana iko wapi.