Umehamisha barua pepe za biashara na oda hazifiki? Anzia seva ya zamani

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi siku hizi hupokea oda kwa barua pepe. Kikundi kinapata anwani yenye jina lake, na mnunuzi aliye mbali anauliza bei bila kufunga safari. Lakini siku kikundi kinapohama kutoka kampuni moja inayohifadhi barua pepe zake kwenda nyingine, oda zinaweza kukauka ghafla, na asiyejua sababu akadhani soko limekufa.

Hilo ndilo lililokikuta kikundi kimoja cha wakulima wa viungo wilayani Muheza, mkoani Tanga, ambacho nimekuwa nikikisaidia katika mahesabu. Walihamia kampuni nyingine kwa sababu ada yake ya mwaka ilikuwa nafuu. Baada ya kuhama, barua ziliendelea kuingia, ila chache kuliko kawaida. Katibu wao hakupata wasiwasi hadi siku ya tisa, alipompigia simu mnunuzi wa Dar es Salaam kumuuliza kama msimu huu hahitaji pilipili manga.

"Mama, nimekuandikia mara mbili, kimya. Nikajua mzigo hamna, nikachukua kwingine," alijibiwa.

Barua za mnunuzi huyo hazikumrudia na ujumbe wowote wa kushindwa kufika. Na kweli zilikuwa zimefika, ila si mahali ambapo katibu alikuwa akiangalia.

Barua hupitia wapi?

Utaratibu ambao seva hutumia kupelekeana barua pepe, unaoitwa SMTP, ulichapishwa mwaka 1982. Miaka minne baadaye ukawekwa utaratibu wa kuonyesha barua za kila jina zipokelewe na seva ipi. Kabla ya kupeleka barua yako, seva ya anayekuandikia huangalia kwenye daftari la mtandao jina lililo baada ya alama ya @. Daftari hilo huijibu kwa kumbukumbu iitwayo MX, yaani maelezo ya seva inayopokea barua za jina hilo. Ni kama kumuuliza karani wa posta sanduku la fulani liko tawi gani.

Unapohama, kumbukumbu ya MX hubadilishwa ili ionyeshe seva mpya. Hapo ndipo matatizo mawili huanza.

La kwanza ni kwamba seva nyingine duniani hubaki na nakala ya jibu la zamani kwa muda uliowekwa na mwenye jina. Muda huo huhesabiwa kwa sekunde: 3,600 ni saa moja, na 86,400 ni siku nzima. Katika kipindi hicho baadhi ya barua huenda kwenye seva mpya na nyingine kwenye ya zamani. Tatizo hili huisha lenyewe.

La pili haliishi lenyewe, nalo ndilo lililowagusa wakulima wa Muheza. Kampuni ya zamani ilikuwa haijaliondoa jina la kikundi kwenye orodha ya majina inayoyahudumia. Mteja wake mwingine anapowaandikia, seva hiyo haina haja ya kuangalia daftari la nje. Inaamini kikundi bado kiko ndani ya nyumba, hivyo inaitia barua kwenye sanduku la zamani. Mnunuzi wa Dar es Salaam naye alikuwa mteja wa kampuni hiyo hiyo. Ndiyo maana barua kutoka kwingine ziliingia na zake hazikuonekana.

Kwa hiyo, ukiona barua za baadhi ya watu zinafika na za wengine hazifiki, uliza kwanza wale ambao hazifiki wanatumia kampuni gani.

Hatua za kufuata

Kwanza, fungua sanduku la zamani. Iombe kampuni ya zamani anwani ya kuingilia moja kwa moja kwenye seva yake, kisha tumia neno lako la siri la awali. Kwa bahati nzuri, muda waliolipia wakulima wale ulikuwa haujaisha. Walikuta barua saba, zikiwemo mbili za mnunuzi wao na moja ya mfanyabiashara aliyetaka sampuli ya iliki.

Pili, hakikisha kumbukumbu ya MX. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri, andika nslookup -type=mx, acha nafasi, kisha andika jina lako la mtandao. Jibu likitaja seva ya zamani, mabadiliko hayajafanyika au nakala ya zamani haijaisha muda. Likitaja mpya na barua bado zinakwenda kwenye sanduku la zamani, iombe kampuni ya zamani iliondoe jina lako kwenye orodha yake. Fanya hivyo baada ya kuchukua barua zote, kwani jina likiondolewa sanduku nalo linaweza kufutwa.

Tatu, hesabu anwani zako. Kikundi kinaweza kuwa na anwani ya mauzo, ya mhasibu na ya mwenyekiti. Ambayo haikufunguliwa kwenye seva mpya itakataliwa, na mtumaji atarudishiwa barua, mara nyingi ikiwa na namba 550. Namba inayoanza na 5 maana yake imekataliwa moja kwa moja. Inayoanza na 4 maana yake seva itajaribu tena, na taratibu za mtandao zinashauri ijaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo hitilafu ikirekebishwa ndani ya siku hizo, barua nyingi zitakufikia.

Nne, angalia simu yako. Simu iliyowekwa seva ya zamani huendelea kusoma sanduku la zamani bila kulalamika, kwa kuwa neno la siri bado linakubaliwa huko. Badilisha jina la seva kwenye simu na kompyuta zote za ofisi.

Tano, pekua barua taka. Seva mpya ina kichujio chake kisichowajua wateja wako, na barua yenye bei na kiambatanisho inaweza kutupwa humo.

Ukimaliza, jitumie barua za majaribio kutoka anwani za kampuni mbalimbali, ikiwemo angalau moja ya kampuni uliyohama.

Gharama ya haraka

Kama mchumi nashauri hesabu rahisi. Linganisha ada ya kubaki na seva ya zamani kwa mwezi mmoja zaidi na tofauti ya bei kati ya mnunuzi wako wa moja kwa moja na dalali anayefuata mzigo shambani. Zidisha tofauti hiyo kwa kilo za oda moja tu. Kwa wakulima wa Muheza, unafuu wote wa ada uliowafanya wahame ulimezwa na pilipili ile ambayo hatimaye waliiuza kwa dalali.

Usihame wakati wa msimu wa mauzo. Siku mbili kabla ya kuhama, mwombe fundi apunguze muda wa nakala hadi sekunde 300, na wapigie simu wateja wako wakubwa kuwaarifu.

Oda ya pilipili haikurudi. Ile ya iliki ilikuwa bado na siku tatu. Ilijibiwa siku hiyo hiyo, na sampuli ikapakiwa kwenye basi la asubuhi. Katibu sasa ana daftari lenye anwani zote za kikundi, jina la seva na tarehe ya kulipia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.