Simu ya dola 180: inafaa kununuliwa huku Masisi na Walikale?

Wenzangu, kila mara mmoja wetu anapopata kakontra ka kwanza ka miezi mitatu, swali linalofuata ni lilelile: "Ninunue simu gani?" Na majibu yanakuja kwa majina: Tecno Camon, Infinix Note, Redmi Note, Samsung Galaxy A. Mimi naona tuanze mahali pengine. Hiyo simu itafanya kazi gani huku kwetu, na itadumu miezi mingapi?

Simu ya kati ninaita ile ya dola 150 mpaka 250. Kwa familia nyingi za Masisi na Walikale, hiyo pesa ni masomo ya wadogo, ni mbegu za msimu, ni mbuzi. Ukikosea kuchagua, hasara inagusa nyumba nzima.

Hesabu kwa mwezi

Bei ya dukani inadanganya. Gawanya bei kwa miezi ambayo simu itafanya kazi. Simu ya dola 70 inayokufa baada ya miezi 12 inakugharimu karibu dola 5,80 kwa mwezi. Ya dola 180 ikidumu miezi 36, ni dola 5 kwa mwezi. Hapo ya kati njo rahisi. Lakini ikidumu miezi 15 tu, inakuwa dola 12 kwa mwezi. Kwa hiyo tunachonunua kwanza ni maisha marefu, uzuri unakuja nyuma.

Sababu ambazo hazitoshi

Wengi wanasema: "Nahitaji simu kubwa juu ya pesa." Tangu benki za Goma zifungwe mwanzoni mwa 2025, kweli pesa ya simu imekuwa mkono wetu wa kulia. Lakini M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi hata kwenye kasimu kadogo ka vifungo. WhatsApp nayo haihitaji simu ya kati: Oktoba 2023 ilianza kudai Android 5 au zaidi, na simu nyingi za bei ya chini ziko nayo. Kama kazi yako ni kuongea, kupokea pesa na kusoma ujumbe, baki na simu ndogo, dola zingine ulimie.

Sababu inayotosha: simu kuwa chombo cha kazi

Kwa sisi tuliosoma kilimo, na kwa wengi wanaofanya enkete za ONG, kazi inaomba vitu vitatu.

Cha kwanza ni fomu. KoboCollect inajaza fomu bila rezo, kisha unatuma ukifika penye rezo. Simu yenye memori ndogo inaweza kukwama katikati ya fomu ndefu yenye picha, na mkulima hana muda wa kukurudilia majibu.

Cha pili ni GPS. Inasoma satelaiti, haihitaji intaneti. Ukipima shamba kwa kulizunguka, GPS dhaifu inakupa mipaka inayoruka kwa jirani.

Cha tatu ni kamera. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka 2001, hapahapa Masisi. Dalili zake ni ndizi kuiva kabla ya wakati, nyama ya ndani kuwa na rangi ya kutu, na usaha wa njano ukikata shina. Picha isiyo wazi haitamsaidia mtaalamu kutofautisha ugonjwa huo na mwingine. Iko pia programu ya PlantVillage Nuru, ya bure, ambayo inachunguza majani ya mihogo kwa kamera hata bila intaneti. Megapikseli 108 hazina kazi hapo. Unahitaji kamera inayoona vizuri kitu cha karibu na kutoa rangi ya kweli.

Lipia nini, acha nini

Lipia memori ya GB 4 kwenda juu, na hifadhi ya GB 128. Angalia vizuri maandishi ya karto: simu zingine zinaandikwa "GB 8", kumbe 4 ni za kweli na 4 zinakopwa kwenye hifadhi. Lipia pia betri ya mAh 5000, na ahadi ya masasisho. Galaxy A16, kwa mfano, ilitoka mwishoni mwa 2024 na ahadi ya masasisho ya miaka sita. Si kila simu ya bei hiyo iko na ahadi ndefu, kwa hiyo uliza mbele ya kulipa.

Acha 5G, maana kule vilimani tunahangaika hata na 3G. Acha pia kuchaji kwa haraka kwa wati 45 kama unachajia kwenye paneli ndogo. Betri ya mAh 5000 inabeba karibu wati-saa 19. Paneli ya wati 10, hata jua likiwaka vizuri, inaomba saa mbili kwa hesabu ya karatasi, na tatu au zaidi kwa ukweli. Ongeza ukungu wa Masisi na mvua ya msitu wa Walikale. Sharja haiwezi kutoa umeme ambao paneli haina.

Mbele ya kutoa pesa

Piga *#06# na linganisha namba inayotokea na ile ya karto. Ukinunua okazio, omba fakture, usije ukabeba simu ya wizi. Pita kwa fundi kwanza, umuulize: skrini ya aina hii inapatikana, na kwa dola ngapi? Simu ambayo fundi wa Goma au Sake hana vipande vyake, siku ikianguka njo mwisho wake.

Fikiria pia barabara. Simu ya bei inavutia macho, na picha za mashamba zenye alama za GPS zinaweza kuleta maswali mahali ambapo hutaki maswali. Tuma data mapema, futa isiyo ya lazima, safiri na kasimu kadogo mkononi.

Na tukumbuke kilicho ndani. Bati ndilo linalounganisha vipande vya umeme katika simu, na Bisie, katika Walikale, ni kati ya migodi mikubwa ya bati duniani. Vita viliisimamisha Machi 2025, ikaanza tena Aprili. Koltani kama ya Rubaya inatoa tantali ya vikapasita vidogo. Watu wetu wanaichimba kwa hatari ya maisha. Simu hiyo isitupwe baada ya mwaka mmoja.

Basi uamuzi uko hivi. Kama iko kazi inayolipa, ambayo bila simu hiyo huipati, na kama unaweza kuilinda miaka mitatu, nunua ya kati. Kama moja kati ya hayo mawili halipo, ngoja kwanza. Na ukikopa kwa ajili yake, deni lisipite muda wa kontra yako: kontra ya miezi mitatu inaisha haraka, na mwenye kukukopesha hatauliza kamera yako iko na megapikseli ngapi.